Pasi ya Ujerumani, chuo cha Uholanzi: anza na anwani, si ada

Wiki iliyopita mama mmoja wa hapa Duisburg alinipigia simu. Binti yake yuko mwaka wa mwisho wa shule na anataka kusoma saikolojia. Alama zake nzuri, ila si zile za kutisha, na kwa saikolojia vyuo vya Ujerumani vinabana kwelikweli. Kasikia mimi nilisoma ng'ambo ya mpaka, Nijmegen, Uholanzi. Nikamwamkia, akaitikia haraka haraka, kisha likaja lile swali la wazazi wote: "Mwanangu, ada euro ngapi?"

Ada ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Raia wa nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya analipa kile kile anacholipa Mholanzi: kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni euro 2,601. Nilipoanza 2018 ilikuwa 2,060, na mwaka wa kwanza tulilipa nusu. Punguzo hilo lilifutwa 2024. Binamu yangu wa Tanga, mwenye pasi ya Tanzania, aliulizia kozi yangu ile ile akatajiwa karibu mara tano ya hapo. Akacheka, akaniambia basi wewe nisomee na mimi.

Kwa hiyo pasi inakupitisha mlangoni kwa bei ya mwenyeji. Ukishaingia ndani, wewe ni mgeni kama wageni wengine mpaka karatasi zako zikamilike, na karatasi zenyewe zina foleni yake. Hapo ndipo nilipokwama.

Maombi yanafanyika mtandaoni kupitia Studielink. Kozi zenye nafasi zilizowekewa kikomo, na saikolojia ni mojawapo katika vyuo vingi, mwisho wake ni 15 Januari; nyingi nyinginezo ni 1 Mei. Mama akashtuka: Januari mtoto hata Abitur, mtihani wa kumaliza shule, hajaukaribia! Ndivyo hivyo, unaomba kwanza, cheti kinafuata. Na angalieni ni chuo cha aina gani, maana Waholanzi wana aina mbili. Kuna chuo kikuu cha utafiti, shahada miaka mitatu, na kuna hogeschool, chuo cha kitaaluma, miaka minne. Kwenye matangazo ya Kiingereza vyote vinajiita yunivasiti.

Sasa chumba. Uholanzi chumba hakitafutwi kwa pesa peke yake, unafanyiwa usaili na watakaokuwa wenzako wa nyumba. Wanauita hospiteren. Mnaitwa jioni, watu wanane au kumi, mnapangwa kwenye sofa lililochakaa, wenyeji wanakunywa bia huku wakiuliza unapenda nini na siku za wiki unalala saa ngapi. Mimi nililelewa na mama wa Kitanga: ukienda kwa watu unasubiri kuulizwa. Nilikaa na glasi yangu ya maji, nikatabasamu, nikajibu kwa adabu. Nyumba sita, sita zote zikanikataa. Baadaye msichana wa nyumba mojawapo, tulipokutana darasani, aliniambia walidhani ninaringa.

Muhula ulikuwa umeshaanza na nilikuwa nimechoka na treni za alfajiri: Duisburg mpaka Arnhem, halafu kubadilisha. Akatokea bwana mmoja mwenye chumba, bei ya kuvumilika, sharti moja tu: nisijiandikishe kwenye anwani yake. Nikaona ni jambo dogo. Nikalipa amana, nikahamia na godoro langu.

Halikuwa dogo. Anayekaa zaidi ya miezi minne anatakiwa kujiandikisha manispaa ndani ya siku tano tangu afike, na pale ndipo unapopewa BSN, namba ya raia na mkaazi. Mwajiri anaitaka. Ofisi ya kodi ya mapato inaitaka. DigiD, ule ufunguo wa huduma zote za serikali mtandaoni, bila BSN haupo. Miezi mitatu nililala kwenye chumba ambacho, kwa mujibu wa serikali, sikuwemo. Kazi ya mgahawani nilishaahidiwa, ikampata mwingine. Niliondoka pale Desemba, na amana yangu sikuiona tena. Mkataba wa maandishi? Haukuwepo.

Ukipata mahali pa halali, sheria inakupa na nguvu. Uholanzi ina mfumo wa pointi unaopima chumba kinastahili kodi kiasi gani: ukubwa, jiko, choo mnachotumia wangapi. Ukiona unakamuliwa, unapeleka shauri Huurcommissie, kamati ya kodi za nyumba, na wanaweza kuishusha kodi. Mwanafunzi mgeni akilijua hili, mwenye nyumba anaongea naye kwa sauti nyingine.

La kazi ndilo linalohitaji akili zaidi, na sisi watoto wa wabeba boksi hatuwezi kukaa bila kazi. Ukiwa unasoma tu, bima yako ya afya ya Ujerumani, hata ile ya familia kupitia mzazi, inaendelea kukulinda; kadi ya bima ya Ulaya iko mgongoni mwake. Siku unapoanza kazi ya mshahara Uholanzi, hata Jumamosi moja kwa wiki, umehamia upande wao na lazima ukate bima yao. Mimi sikujua. Nilipata kazi ya kuosha vyombo mwezi Machi, barua za serikali zikaja kwa Kiholanzi, nikaziweka juu ya friji. Nilipozifungua, bima ilihesabiwa tangu siku ya kwanza ya kazi, na malimbikizo yakameza mshahara wa miezi miwili. Kosa langu mwenyewe. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba zorgtoeslag, ruzuku inayofidia sehemu kubwa ya malipo hayo, lakini ombi unapeleka wewe, hakuna atakayekukumbusha.

Upande wa pili, kazi hiyo hiyo inafungua mlango. Raia wa Ulaya anayefanya kazi saa za kutosha kwa mwezi anaweza kupata fedha za masomo kutoka DUO, ofisi ya serikali ya Uholanzi inayozitoa, pamoja na kadi ya kupanda treni na mabasi bure. Wakati wangu ilikuwa saa 56. Sasa kiwango kimeshuka, kiangalieni kabla mtoto hajasaini mkataba wa kazi. Vinginevyo BAföG, fedha za masomo za serikali ya Ujerumani, inamfuata mtoto mpaka Uholanzi, na maombi yake yanashughulikiwa Köln. Pelekeni miezi sita kabla. Huku na kule kwa pamoja haiwezekani.

Masomo yenyewe? Mwaka wa kwanza una krediti 60, na vyuo vingi vinadai takriban 40 hadi 45, usipozifikisha unaondolewa kwenye kozi. Mwalimu unamwita kwa jina lake la kwanza. Mimi ilinichukua mwaka mzima. Lugha si mlima kwa anayejua Kijerumani, na ile "g" yao inayowatoa jasho Wajerumani ni "kh" ya "kheri" tu, bibi angeitamka bila kufundishwa. Alama zinakwenda mpaka kumi. Nilimpigia mama nikashangilia nimepata nane. Kimya. Tanga nane ni nane kwa mia. Ujerumani moja ndiyo ya juu na tano umefeli. "Nane," akasema polepole, "sasa unarudi nyumbani lini?"

Jana usiku yule binti alinitumia tangazo la chumba. Mita za mraba 14, euro 480, dirisha kubwa, dakika kumi kwa baiskeli. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: geen inschrijving, hakuna kujiandikisha. Nimemwandikia aendelee kutafuta.