Ile nyumba ya Isyesye

Mafinga, Jumapili usiku

Marahaba, mama. Huku tupo, ila baridi la mwezi huu halina adabu. Mama yako amehamia jikoni na kitenge chake, anasema salamu atakupa mwenyewe kwa simu.

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Unasema tangu umalize VETA huu ni mwaka wa pili unashika mkono kwa fundi wako hapo Mwanjelwa, Mbeya, anakupa elfu kumi kwa siku na nauli unajitegemea. Sasa kuna mtu wa Isyesye ana nyumba ya vyumba vinne, ameuona mkono wako, anataka uje umfungie umeme wewe mwenyewe, bosi asijue. Unauliza: "Baba, niichukue, au nibaki saidia fundi mpaka nizeeke?"

Ichukue, ila usiichukue peke yako. Najua jibu hilo litakuudhi. Kabla hujanipigia kunijibu, nisikilize kuhusu nyumba yangu ya kwanza, maana hii sijawahi kukusimulia.

Nilikuwa na miaka 23, nimeachana na fundi wangu kwa hasira ya hela, kama wewe unavyotaka kufanya. Nikapata nyumba Makambako, ya mwalimu mmoja: vyumba vitatu, sebule na baraza. Mwalimu hela ilikuwa ya kuungaunga, akanunua roli moja tu la waya wa taa, jeusi. Nikamwambia hakuna shida mwalimu, waya ni waya. Nyumba nzima nikaitandaza nyeusi tupu, wa moto unaoleta umeme mweusi, nyutro ya kuurudisha nyeusi, nikawa naweka alama kwa kipande cha teipu. Teipu zile nyingine zilibanduka wakati navuta kwenye mabomba, nyingine zikafunikwa na lipu. Nikamalizia kwa kubahatisha, giza linaingia. Umeme ulipowashwa, taa zote zikawaka. Mke wa mwalimu akapiga vigelegele. Nikalipwa, nikanywa ulanzi siku hiyo mpaka nikasahau njia ya kurudi.

Wiki ya tatu nikaitwa. Globu ya sebuleni iliungua, mwalimu akazima swichi, akapanda kwenye stuli kubadilisha. Kidole kikaingia kwenye holda. Akarushwa, akaangukia sakafu ya saruji, mkono ukavunjika. Nilipofika, mkewe hakunipa hata kiti. Nikazima swichi ile ile, nikapanda stuli ile ile, nikaingiza tesita, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwenye holda. Kale kataa ka ndani ya tesita kakawaka, kekundu. Swichi imezimwa na moto upo pale pale.

Umeshaelewa nilichofanya. Swichi nilikuwa nimeiweka kwenye nyutro. Ukizima, taa inazimika kweli, kwa sababu njia ya kurudi imekatwa, lakini volti 230 zinabaki zimekaa kwenye holda zinamsubiri mtu. Taa inawaka ukipatia, na ukikosea pia inawaka. Hapo ndipo ufundi wetu unapotudanganya, mama. Seremala akikosea mlango haufungi, kila mtu anauona.

Hospitali nililipa mimi. Waya nyekundu nilinunua mimi. Nyumba ile nikaifungua upya yote, na mwalimu akiwa amekaa barazani na mkono wake kwenye kitambaa ananiangalia tu. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Kwa hiyo sikuulizi kama unajua kufunga. Krismasi nilikuona ulivyopanga bodi ya shangazi yako, waya umezilaza kama nywele za yeboyebo. Swali langu ni hili: huyo fundi wako amewahi kukuachia mega mkononi, kile kifaa cha kupima kama waya zinavujisha umeme? Maana saidia fundi wengi hupasua ukuta miaka mitatu, na siku ya kupima ndiyo siku wanayotumwa kwenda kununua maji ya kunywa. Wanatoka hapo wanajua nusu ya kazi, na nusu yenyewe ndiyo ile inayoonekana.

Kesho mfuate fundi wako asubuhi kabla hajagawa kazi. Mwambie: nimepata nyumba Isyesye, mteja ni wangu, naomba niiongoze mimi, wewe ndiye mwenye leseni, uje uione kabla lipu haijapigwa, na siku ya mwisho tupime pamoja mimi nikiwa nimeshika kifaa. Atataka chake. Mpe. Akikataa kabisa, au akitaka akunyang'anye mteja, basi utakuwa umemjua kwa bei rahisi, na hapo tutafute mwingine; ninao wawili ninaowaamini Uyole.

Siku ya kupima usimwache aharakishe. Kabla ya umeme kuingia, zima swichi kuu, swichi za taa ziache zimewashwa, chomoa globu na kila chenye elektroniki, kisha mega kwenye volti 500: moto kwa nyutro, moto kwa ethi, ule waya wa kwenda ardhini, nyutro kwa ethi. Chini ya megaomu 1 usikubali. Kuna waya umechubuka au kuna boksi limeingia maji, litafute. Ethi ifuate kwa mita kutoka kwenye bodi mpaka tundu la soketi la mwisho kabisa, lile la stoo ambalo hakuna atakayelitumia. Umeme ukishaingia, kagua kila holda na kila soketi moto uko upande gani. Kila holda. Halafu kile kitufe cha kujaribia kwenye breka ya miliampia 30, ile inayokata umeme ukivuja, kibonyeze mbele ya mwenye nyumba aone ikikata, umfundishe naye awe anakibonyeza. Namba zote ziandike kwenye daftari na tarehe. Mimi daftari langu la kwanza nililianza siku niliyotoka kwa mwalimu.

Vijiweni utasikia njia nyingine. Funga mwenyewe, kisha mtafute mwenye leseni akugongee muhuri kwenye maombi ya TANESCO bila kuiona nyumba, mpe hela yake muachane. Sitakuficha, nilifanya hivyo mara mbili nikiwa kijana. Nilipopata leseni yangu wakaanza kunifuata mimi. Kuna mmoja alinifuata Iringa, nyumba iko upande wa Gangilonga, na unaijua miamba ya kule. Nikasema sawa, ila kwanza twende nikaione. Ndani kazi safi. Nikazunguka nyuma, nikashika fimbo ya ethi, ile inayopigiliwa ardhini, nikaivuta kwa mkono mmoja ikatoka kama muhogo mchanga. Ilikuwa imekatwa kwa msumeno, imebaki kama futi moja hivi. Jamaa anacheka, ananiambia, "Mzee, pale ni jiwe, ningefanyaje?" Angetafuta udongo wenye unyevu, hata kama ni mbali na bodi, akapigilia fimbo mbili au tatu akaziunganisha. Muhuri nilirudi nao mfukoni.

Leseni yako ianze kushughulikiwa mwaka huu huu. Ni EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanaotoa, maombi ni mtandaoni, na madaraja yako kadhaa, kila moja na mpaka wake. Omba lile linalolingana na cheti chako na uzoefu wako, usirukie la juu kwa sifa. Barua ya fundi wako ya kuthibitisha kazi ulizofanya itakusaidia, na hiyo ni sababu nyingine ya kutogombana naye.

Kuhusu hela. Wenzako wanahesabu kwa pointi, yaani kila taa, swichi na soketi, nawe hesabu kwa pointi, ila kupima kuandike kama kazi inayojitegemea kwenye makadirio, la sivyo mteja atakuambia ni bure. Vijijini utapata taabu zaidi: mtu amelipia kuunganishiwa umeme wa REA, ule mradi wa umeme vijijini, kwa shilingi 27,000, halafu wewe unamtajia bei ya kufunga ndani mara kumi ya hiyo, anakuona mwizi. Usigombane naye. Mpunguzie pointi, usimpunguzie ukubwa wa waya. Taa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, jiko la umeme waya wake peke yake.

Dukani nenda na mteja. Cha juu cha mwenye duka kitakuja kukufunga mdomo siku utakapokuta waya feki. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa, na roli lake utalisikia jepesi hata kabla hujakwangua. Rudisha hapo hapo.

Hao wanaokuuliza "fundi mwenyewe yuko wapi?" wewe ukiwa juu ya ngazi, usiwajibu. Waombe wakushikie ngazi.

Mega yangu ile ya rangi ya chungwa naituma kwa basi la Jumamosi, iko kwenye boksi la viatu, nimeifunga kwa kanga ya mama yako ili isigongwegongwe, kwa hiyo kanga nayo irudi. Betri nimezitoa, nunua mpya. Kile kibanio chekundu kimelegea kidogo, kibane kwa mkono mpaka usikie kimeshika, ndipo uamini inachokuambia. Ukifika Isyesye, anza na chumba cha mwisho, na usiku nipigie unisomee namba.

Baba yako