Ukishushwa Mimbarini

Ijumaa ile nilipanda mimbari na karatasi ya khutba mfukoni, nisiitoe. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu vijana wanaonijia kutaka ushauri wa kuikosoa kamati ya msikiti huja na ujasiri tele, karatasi hawana.

Msikiti wetu hapa Kisumu una maduka ya wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu. Wapangaji hulipa kila mwezi, na walimu wa madrasa walikuwa wamekaa miezi 4 bila posho. Nikahutubu juu ya amana. Ningekomea hapo ingekuwa khutba njema. Lakini nilipoona vichwa vinatikisika, ulimi ukaponyoka: "Wako hapa safu ya mbele walionenepa kwa vya mayatima."

Jumanne kamati ya msikiti ikaniita. Habari ya kodi hakuna aliyeigusa. Waliuliza nimemkusudia nani, na ushahidi uko wapi. Sikuwa na hata risiti moja. Nikasimamishwa khutba na darsa za baada ya Magharibi. Sababu kwenye barua: utovu wa adabu. Iliniuma, maana walimu bado walikuwa hawajalipwa.

Hadithi ya Mtume juu ya neno la haki mbele ya mtawala dhalimu sisi makhatibu tunaipenda mno. Aya ya 44 ya Sura Taha tunaipita mbio: Musa na Harun wanatumwa kwa Firauni mwenyewe, na wanaamrishwa wamwambie maneno laini. Mwenyekiti wetu hata Firauni si yeye, ni mzee mkaidi tu.

Basi anza faraghani, uwe na mashahidi 2. Omba hesabu kwa maandishi na nakala ubaki nayo. Wakinyamaza, andika tena. Mimbari ije baadaye, na hapo sema amana, matumbo ya watu yaache.

Usikimbilie Mahakama ya Kadhi kama nilivyofanya. Karani alinisikiliza hadi mwisho, maskini, kisha akanieleza kwamba kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinampa Kadhi mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu baina ya Waislamu. Ugomvi wa kamati haumo. Tafuta katiba ya msikiti wenu, usome nani anaweza kuitisha mkutano wa waumini. Yetu ilikuwa kabatini, haijafunguliwa miaka.

Jaribu kubwa lilikuja usiku. Vijana wa mtaa wa Manyatta walinifuata nyumbani: "Sheikh, tukodi chumba, tuswali Ijumaa yetu." Sitadanganya, nilitamani. Kilichonizuia ni kisa cha Imam Ahmad bin Hanbal, mwanazuoni wa kale wa Baghdad. Alipigwa mijeledi zama za Khalifa al-Mu'tasim kwa kukataa kusema Kurani imeumbwa, na wanazuoni wa ikulu wakishiriki kumhoji. Baadaye, chini ya Khalifa al-Wathiq, watu wakamjia wakitaka kuasi, akawakataza. Mimi nilinyang'anywa kipaza sauti tu.

Kingine kilichonisaidia ni cherehani. Nashona kanzu na sare za shule Kibuye, kwa hiyo siku niliposimamishwa watoto walikula kama jana. Khatibu anayelishwa na kamati atahesabu maneno kabla ya kuyasema, hata akiwa simba.

Bado naswali palepale, safu ya pili. Mwenyekiti namwamkia, naye huitikia akitazama saa yake. Mwezi jana ukurasa mmoja wa hesabu ulibandikwa karibu na pa kutilia udhu, bila sahihi wala muhuri. Nimeupiga picha, na barua yangu ya tatu imeshapokelewa.