Siku nne Berlin: wapi Mtanzania aingie, wapi apite tu

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu yote. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa anakwenda Berlin mwezi wa tano kwa semina, ikiisha anabakiwa na siku nne. Anauliza makumbusho yapi yanastahili hela yake, na kama pale kuna chochote kinachomhusu Mtanzania. Wengi wamemjibu apige picha kwenye lango la Brandenburg, aguse ukuta, basi.

Mimi nimesoma na kuishi Berlin, na wageni kutoka nyumbani nilikuwa nawazungusha mwenyewe. Msimamo wangu ni huu: ukitoa Dar na Zanzibar, sijaona mji wenye historia yetu nyingi kama ule. Inabidi tu ujue pa kuitafuta, kwa sababu haipo sana kwenye orodha za watalii.

Anza na Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na mali asili, Invalidenstraße. Treni ya chini ya ardhi namba U6 inakushusha kituo kinachoitwa Naturkundemuseum, ukitoka nje unatembea dakika chache. Jumatatu wanafunga. Fika asubuhi wanapofungua, kabla wanafunzi wa shule hawajajaa.

Ukumbi wa kwanza tu ukiingia, unakutana naye: yule mjusi wa Tendaguru. Ana urefu wa mita 13.27 kutoka chini hadi kichwani, na ndiye dinosaria mrefu kuliko wote waliosimamishwa ndani ya makumbusho duniani. Aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Picha zake tumeziona sote, lakini picha haikuandai. Nenda kasimame karibu na mguu wa mbele. Mfupa wa bega peke yake unamzidi mtu mzima. Rangi yake ni ya kahawia iliyokolea, yenye nyufa zilizozibwa, na unaona kabisa kwamba kitu hiki kilikuwa udongoni na kuna mtu alikitoa kwa mikono.

Watu hao walikuwa wa kwetu. Kilima cha Tendaguru kiko mkoa wa Lindi, kaskazini magharibi mwa mji. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini waliokuwa na majembe na sululu walikuwa vibarua wa kusini, mamia kwa mamia. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyeijua kazi ya kutoa mfupa bila kuuvunja. Kisha mizigo ilibebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kama nne hadi bandari ya Lindi, safari baada ya safari, ndipo ikapakiwa melini. Kwa jumla zilitoka zaidi ya tani 200. Nyingine zilikaa masandukuni kwa miongo.

Sasa weka tarehe hizo kando ya nyingine. Vita vya Maji Maji vilianza 1905, vikazimwa 1907. Mikoa ileile ya kusini. Mashamba na maghala yalichomwa, watu wakafa kwa njaa kwa makumi ya maelfu, wapo wanahistoria wanaofikisha laki tatu. Uchimbaji ukaanza miaka miwili baadaye. Kwa hiyo hao wabebaji unaowaona kwenye picha za zamani, wawili wawili na mti mabegani na mfupa unaning'inia katikati, ni watu waliotoka kuzika ndugu zao. Mimi asili yangu ni kusini, na kila nilipompeleka mgeni pale nilimweleza hilo kwanza, hukohuko chini ya mjusi, ndipo tuendelee.

Msiishie kwake tu. Kwenye ukumbi huohuo kuna wenzake wa Tendaguru. Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni na mkiani ni wetu, Dicraeosaurus ni wetu, Elaphrosaurus ni wetu. Tafuta jina Tansania, yaani Tanzania kwa Kijerumani, kwenye maandishi ya maelezo, utashangaa linavyojirudia. Suala la kurudishwa limeshafika hadi bungeni kwetu, na najua humu kuna wanaosema arudi na wanaosema tungoje tujenge pa kumweka. Maoni yangu ni kwamba mtoto wa Lindi ana haki ya kuiona mifupa ya Lindi bila kuomba viza, na kwamba mazungumzo yaendelee hadi hilo liwezekane. Lakini wewe unayekwenda sasa, nenda ukamwone.

Ukitoka hapo usipande treni. Shika Invalidenstraße kuelekea mashariki kwa miguu hadi Nordbahnhof, kisha pinda kushoto uingie Bernauer Straße. Hapa ndipo pa kuona Ukuta wa Berlin. Ile East Side Gallery yenye michoro kando ya mto ni nzuri kwa picha, na Checkpoint Charlie kibanda unachokiona ni cha kuigiza, kile cha asili hakipo pale. Bernauer Straße ndiyo inakufundisha. Wameacha kipande cha ukuta pamoja na ule ukanda wa wazi nyuma yake, ambako askari wa mpakani walikuwa wanapiga risasi, na kuna mnara wa kupanda ukauangalia kutoka juu. Mahali ambapo ukuta haupo tena wamesimamisha nondo nene zenye kutu kufuata mstari uleule. Ukitembea kando yake unapita katikati ya nondo, upande huu na upande ule, kitu ambacho watu walikufa wakikijaribu.

Ukuta huo, uliotenga Berlin Mashariki na Berlin Magharibi, ulianza kujengwa 13 Agosti 1961. Kwenye barabara hii nyumba za upande mmoja zilikuwa Mashariki lakini kibaraza cha barabarani kilikuwa Magharibi, kwa hiyo watu wakawa wanaruka madirishani. Mama mmoja, Ida Siekmann, aliruka kutoka ghorofani siku chache baada ya mpaka kufungwa, akafa. Anahesabiwa kuwa wa kwanza kupoteza maisha kwenye ukuta ule. Waliouawa hadi unafunguliwa 9 Novemba 1989 ni angalau 140. Yote haya unayaona bure, na eneo la nje halina geti.

Bernauer Straße inakutana na Brunnenstraße. Pinda kulia, teremka kuelekea Rosenthaler Platz, na utafute nyumba namba 193. Usiangalie juu, angalia chini. Kwenye mawe ya njia ya waendao kwa miguu kuna kijiwe cha shaba cha sentimita 10 kwa 10, kimoja kati ya vijiwe ambavyo msanii Gunter Demnig amevitandaza Ulaya nzima mbele ya nyumba za watu waliouawa na Manazi. Hiki ni cha Mahjub bin Adam Mohamed, mtoto wa Dar es Salaam, aliyezaliwa 1904.

Huyu mtu nataka watu wengi zaidi wamjue. Vita Kuu ya Kwanza vilimkuta mdogo na akaingia jeshi la Wajerumani, baba yake akiwa askari vilevile. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara yao ambayo haikulipwa. Wakamjibu amechelewa. Akabaki hukohuko, akawa mhudumu kwenye jumba la starehe la Haus Vaterland pale Potsdamer Platz, akafundisha Kiswahili chuoni, akaoa Mjerumani, akaigiza kwenye filamu, mojawapo ikimtukuza Carl Peters, yule Mjerumani aliyekusanya mikataba ya kuichukua nchi yetu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, na akafa huko 24 Novemba 1944.

Kijiwe hicho kinakanyagwa na wapita njia kutwa, na shaba hufifia ikawa nyeusi. Wenyeji wana desturi ya kuvisugua ving'ae. Chukua kitambaa kidogo, ukifika uchuchumae umfute jina. Mimi huwa namsomea Fatiha. Kama wewe si Mwislamu mwombee kwa dini yako. Kila mgeni niliyempeleka alinyamaza pale kwa muda kuliko alivyonyamaza popote pengine Berlin.

Siku inayofuata nenda Wilhelmstraße, karibu na lango la Brandenburg. Lango lenyewe, la mwaka 1791, ni la kupita tu na kupiga picha yako. Kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa ipo hatua chache, nguzo za zege 2,711, na usizikalie wala kuruka juu yake kama wanavyofanya wengine. Pale Wilhelmstraße tafuta bango la maelezo karibu na namba 92. Ndipo lilipokuwa jumba la Bismarck, kansela wa Ujerumani, na ndani yake ulifanyika ule Mkutano wa Berlin wa kugawana Afrika, kuanzia 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Mataifa 14 mezani, Mwafrika hata mmoja hayupo. Mkutano ulipokwisha, kesho yake tu, 27 Februari, Kaiser alitia saini hati ya kuyaweka chini ya ulinzi wa Ujerumani maeneo ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, kwa karatasi alizorudi nazo Carl Peters. Sultani Barghash wa Zanzibar alipopinga, aliletewa manowari hadi mbele ya Unguja. Jumba halipo sasa. Kuna maghorofa ya kawaida ya kuishi, watu wanaingia na mifuko ya sokoni. Kwa macho hakuna cha kuona zaidi ya bango, lakini mimi naona ni aibu Mtanzania kufika Brandenburg na kupanda basi bila kutembea hatua hizo.

Carl Peters huyo ndiye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Berlin ilikuwa na barabara yenye jina lake, Petersallee, kwenye mtaa wa Wedding unaoitwa Mtaa wa Kiafrika. Wanaharakati, wakiwemo Watanzania wanaoishi kule, walipigana miaka mingi, na mwezi Agosti 2024 jina likaondolewa. Sehemu moja sasa inaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mama mmoja wa Namibia, na nyingine ni Maji-Maji-Allee. Panda U6 ileile ya makumbusho ya mjusi, shuka Rehberge au Afrikanische Straße, utembee. Ni mtaa wa makazi, mtulivu, una miti. Utapita Sansibarstraße, utapita Usambarastraße. Ukifika kwenye kibao cha Maji-Maji-Allee piga picha uwatumie wazee Songea.

Kuhusu makumbusho makubwa. Kisiwa cha Makumbusho kina majengo matano. Pergamon, ambalo kila mtu atakutajia kwa ajili ya lango la Ishtar la Babeli, limefungwa lote tangu Oktoba 2023 kwa ukarabati. Sehemu ya madhabahu inatarajiwa kufunguliwa 2027, lakini upande wa lango la Ishtar umepangiwa hadi 2037. Wasikuuzie safari kwa jina lake. Ingia Neues Museum ukamwone Nefertiti, sanamu ya kichwa cha malkia wa Misri ya kale, aliyechimbuliwa Amarna, Misri, mwaka 1912. Yuko peke yake kwenye chumba, na ndani ya chumba hicho kupiga picha hairuhusiwi, kwa hiyo unamwangalia kwa macho yako tu. Hiyo ni tiketi inayostahili hela yako. Jirani yake, Humboldt Forum, ndani ya kasri iliyojengwa upya, kuna vitu vya Afrika. Wanigeria walihamishiwa umiliki wa sanaa zao za ufalme wa kale wa Benin 2022, baadhi zikabaki kwa mkopo. Makumbusho hayo yana vitu karibu 10,000 kutoka Tanzania, baadhi viliporwa vitani, na vingi viko ghalani. Ingia ukiwa na muda na moyo.

Mambo ya njiani, haraka. Tiketi ya karatasi ya treni ni lazima uigonge muhuri kwenye kimashine kilichoko kituoni kabla ya kupanda. Wakaguzi huvaa nguo za kiraia na faini ni euro 60, mgeni na mwenyeji sawa. Ndani ya mji kanda AB inatosha, uwanja wa ndege ni ABC. Begi la mgongoni watakuambia uliweke kwenye kabati, kwa hiyo uwe na sarafu za euro moja na mbili. Makumbusho mengi hayafungui Jumatatu, ila Humboldt wao hufunga Jumanne. Jumapili maduka yamefungwa, nunua chakula Jumamosi.

Na kuba la kioo juu ya bunge lao, Reichstag, kupanda ni bure, lakini unajiandikisha mtandaoni mapema kwa majina kamili na siku ya kwenda unabeba pasipoti yenyewe, si nakala. Mwezi wa tano nafasi huisha, kwa hiyo jiandikishe mara tu ukipata viza. Chukua saa za jioni, jua linachelewa kuzama.

Ukishajua umefikia mtaa gani andika hapa, nikupangie treni za kila siku.