Nani aende vitani, nani abaki wodini?

SWALI: Katika Vita Kuu ya Pili, Marekani iliamuaje daktari yupi aende jeshini na yupi abaki na raia?

JIBU: Oktoba 1941 Rais Roosevelt aliidhinisha chombo cha kugawa madaktari, chini ya bingwa wa upasuaji Frank Lahey. Kamati za majimbo zilipima umri, afya na ubingwa wa kila daktari, na kama kuna wa kushika nafasi yake. Asiye na mbadala alibaki. Kipimo cha chini: daktari 1 kwa raia 1,500.

Kipimo hicho kilipotosha sana. Wastani ulificha vijiji vilivyoachiwa daktari mzee mmoja, na miji ya viwanda vya silaha iliyofurika wafanyakazi. Kuhamishia huko madaktari kutoka majimbo mengine kulikwamishwa na leseni, kwani kila jimbo lilitoa yake.