D na T kwa anayeanza jiokashingi Goma: soma kwanza namba ya miguu

Mdogo wangu, umepakua programu ya jiokashingi, ule mchezo wa kufuata ramani ya simu hadi kwenye boksi lililofichwa na mchezaji mwingine na kuandika jina lako kwenye karatasi iliyomo, umeona alama kwenye ramani, na unataka kwenda leo leo kwenye ile iliyo karibu na kwenu. Ngoja kidogo. Chini ya jina la kila boksi kuna namba mbili, moja ya D na moja ya T. Wengi huzipita haraka wakimbilie kidokezo. Mimi nakuomba uanze nazo, na kati ya hizo mbili uanze na T.

D ni ugumu wa kupata: kazi ya macho, vidole na akili. T ni ugumu wa ardhi: kila unachokanyaga na unachopanda tangu motari, dereva wa pikipiki, akushushe hadi mkono wako uguse boksi. Kila moja inaanzia 1 na kuishia 5, ikipanda kwa nusu nusu, kwa hiyo ngazi ni 9 upande huu na 9 upande ule, jozi 81 kwa jumla. Wako wachezaji wanaokusanya zote 81. Wewe ziache kwanza.

Shule ndiyo inayotupoteza hapa. Mtu akiona T3 anasoma 3 juu ya 5, asilimia 60, amepita, hakuna shida. Namba hizi si pointi za mtihani. T1 ni mahali ambapo mtu wa kiti cha magurudumu anafika na kuchukua boksi mwenyewe. T2 hata mtoto mdogo anaiweza. Kwenye T3 mtoto mdogo abaki nyumbani. T4 inamtaka mtu aliyezoea milima na pori, na T5 inataka kifaa: kamba za kupandia, chombo cha majini, mitungi ya kuzamia. Ndiyo maana T5 inaweza kuwa nyepesi kuliko T4. Boksi likiwa kwenye kisiwa cha Ziwa Kivu ni T5 kwa sababu hufiki bila mtumbwi. Ukipata mpiga kasia mzuri na jaketi la kuokolea, unafika umekaa. Kwenye T4 hakuna wa kukubeba.

Usizijumlishe namba hizo ukatafuta wastani. Nilifanya hivyo kwenye boksi la D1.5 na T3.5, nikaona linakaribia kati tu, nikaenda na ndala. Simu ilisema mita 180. Lakini zilikuwa mita 180 za lava iliyomwagika mwaka 2002, ile iliyopasuka vipande vipande na kuacha ncha kama chupa zilizovunjika. Unaweka mguu, jiwe linageuka. Unashika ili usianguke, kiganja kinachanika. Nilitumia dakika 40. Boksi lenyewe niliona nikiwa bado mbali, limekaa wazi chini ya jiwe bapa, na kitambaa nilichofungia mkono kilikuwa kimelowa damu. D ilisema kweli, T nayo ilisema kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nimezichanganya.

Sasa tazama upande wa pili. Hapa Goma kuta za mawe ya volkeno ziko kila avenue, na jiwe letu lina matundu kama sifongo. Kuna kikopo kidogo, urefu wa kidole gumba, kilichopakwa rangi nyeusi na kubandikwa mchanga wa jiwe hilohilo, kimefichwa kwenye ukuta mmoja kando ya barabara. T1.5, D4. Unafika kwa miguu yako ukiwa na viatu vya kanisani, kisha unakabiliwa na matundu elfu. Nilikwenda alasiri tatu. Simu nzuri inakufikisha karibu, mita 5 hivi ukiwa peupe, na karibu na ukuta mrefu au miti mshale wa simu unaanza kuzungukazunguka. Hapo iweke simu mfukoni, maana iliyobaki ni kazi ya D. Alasiri ya tatu niliacha kutafuta kikopo, nikaanza kutafuta tofauti. Matundu yote yalikuwa na utando wa buibui na vumbi. Moja lilikuwa safi.

Mama anayeuza mkaa pale aliniuliza siku ya kwanza, "Umepoteza nini, mwanangu?" Nikamweleza ukweli, nikamwonyesha ramani kwenye simu. Tangu hapo wapita njia wakinitilia shaka, yeye ndiye aliyekuwa akiwajibu. Hili D hailiandiki, na katika mji wetu ni zito: mtu anayepapasa ukuta au kuingiza kitu chini ya jiwe anaogopesha watu, na wana sababu. Salimia kwanza, eleza bila kuulizwa. Boksi lako liwe la plastiki inayoonyesha kilichomo, lenye maandishi ya Kiswahili na Kifaransa, na liwe mbali na mpaka, daraja, au mahali penye askari.

Ukumbuke pia kwamba namba zinaandikwa na mtu aliyeficha, kwa macho yake na kwa siku ile aliyoficha. Nilipoficha boksi langu la kwanza niliandika T1, kwa kuwa mimi nilitembea hatua kumi kutoka barabarani bila kujikwaa. Rafiki yangu anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, akaamini namba yangu na kuja. Kulikuwa na mfereji wa maji upana wa mkono mmoja ambao mimi niliuruka bila kuuona. Gurudumu la mbele lilikwama. Hata angevuka, boksi lilikuwa juu kuliko mkono wa mtu aliyekaa. Siku hiyohiyo nilibadilisha ikawa T2, na sasa siandiki T1 kabla yeye hajapapima.

Kuna hatari ambayo hakuna namba inayoibeba, nayo ni mazuku. Mtoto wa Goma unalijua jina hilo, lakini ukiwa na hamu ya kupata boksi unaweza kusahau. Hewa hii ya kaboni dioksidi inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa tunayovuta, inalala mabondeni na kwenye mashimo, hasa asubuhi upepo ukiwa umetulia. Haionekani, wala huwezi kuinusa. Mshale ukikupeleka kwenye shimo au bonde dogo, hasa upande wa magharibi kuelekea Sake, usishuke wala usiiname. Ukiona mbuzi au ndege aliyekufa hapo, rudi, na uwaambie wengine. Na chuma chochote usichokitambua usikiguse, hata kama kimekaa palepale mshale unapoonyesha. Vita vimeacha vingi.

Kwa kuanza, chukua matatu au manne yasiyozidi D2 na T2, ya aina ya kawaida, mahali penye njia. Maboksi ya mafumbo yaache: D yake unailipia nyumbani kwa kalamu na karatasi, na alama unayoiona kwenye ramani kwa kawaida si mahali boksi lilipo. Ukikosa, andika kwenye programu kwamba hukupata. Andiko hilo linamsaidia mwenye boksi kujua kama limeibwa, na linamsaidia anayekuja nyuma yako. Mvua ikinyesha, ongeza nusu kwenye T kichwani mwako kabla ya kutoka, maana lava yenye maji inateleza.

Jumamosi njoo tutafute moja pamoja. Ni D1.5 na T2. Vaa viatu vinavyofunika vidole, uje na kalamu. Iliyokuwa ndani ya boksi imekauka.