Dunia ikiisha kesho, mimi nabeba Pentax K1000

Wapenda kamera za filamu tukikutana hili swali halikosi: dunia ikifika mwisho ubaki na kamera moja tu, utabeba gani? Wengi wanataja ile ya bei kali kuliko zote. Mimi jibu langu nililipata Busia, upande wetu wa Uganda, Januari 2021.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kupiga kura, mnakumbuka intaneti ilizimwa tarehe 13 jioni ikakaa siku kama tano, na kwetu umeme nao ukaondoka, simu zikafa moja moja mpaka nyumba nzima haina hata tochi. Jumapili ile jajja, yaani bibi yangu, akavaa gomesi yake ya kijani, akakaa chini ya mwembe, akasema leo nipigeni picha. Nikatoa kamera yangu ya filamu, nilikuwa najivunia nayo sana, nikabonyeza, kimya. Betri imekwisha. Na si kwamba mita ya mwanga tu ndo imezima, hapana, shata yenyewe, ile pazia inayofunguka kuingiza mwanga, haifyatuki, manake ilikuwa ni shata ya umeme. Nikazunguka maduka yote hakuna mwenye betri ya aina ile, narudi nyumbani jajja bado amekaa palepale ananingoja, mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Mjomba ndo alituokoa. Zamani alikuwa na studio ndogo ya picha za pasipoti karibu na mpaka, akaingia ndani akaleta K1000 yake ambayo betri ilishakufa miaka mingi. Akaangalia vivuli pale uwanjani, akazungusha spidi ya shata, akazungusha lenzi, akapiga tatu. Jajja alituacha mwaka uliofuata, na hizo tatu ndo picha nzuri za uzee wake tulizobaki nazo.

Alichokuwa anaangalia kwenye vivuli ni hesabu wanayoijua wapiga picha wote wa zamani. Jua likiwa kali na kivuli kina kingo zilizokatika vizuri, weka f/16 (hiyo f ni tundu la lenzi, namba ikipungua tundu linapanuka) na spidi iliyo karibu na ISO ya filamu, yaani namba ya wepesi wake wa kushika mwanga, kwa hiyo filamu ya 100 unaweka 1/125 ya sekunde, filamu ya 400 unaweka 1/500. Kingo zikilainika fungua f/11, kivuli kikionekana kwa shida f/8, kikipotea kabisa f/5.6, na ukimweka mtu chini ya mti kama jajja anza na f/4. Sisi watu wa ikweta tuna bahati hapa, jua letu la mchana halibadiliki sana toka Januari mpaka Desemba, ukilijua umelijua. Jizoeze hivi: kabla hujaangalia mita yoyote taja namba kwa mdomo, alafu ndo uangalie. Mimi ilinichukua kama mwezi mmoja.

Sasa kwa nini K1000? Ilitengenezwa toka 1976 mpaka 1997, kwa hiyo ziko nyingi, na ile ambayo imekufa unaweza kuinunua kwa ajili ya vipuri. Spidi zake zote, toka sekunde moja mpaka 1/1000, zinaendeshwa na springi unayoikaza wewe mwenyewe ukivuta mkono wa filamu. Kabetri kamoja ka LR44 ni ka mita tu, na haina swichi ya kuzima, kwa hiyo ukimaliza kupiga funika lenzi la sivyo mita inakunywa betri usiku kucha. Nikon FM2 ya 1982 nayo inafanya kazi bila betri na inafika 1/4000, kama unayo baki nayo, sitabishana na wewe. Leica M3 naipenda lakini pazia la shata yake ni kitambaa na hakuna kioo cha kulikinga, ukiiacha wazi imetazama jua letu lenzi inachoma tundu kama vile watoto wanavyochoma karatasi kwa glasi.

Ukienda kununua, toa betri kwanza. Fungua mgongo, ishike kuelekea mwangani, bonyeza kila spidi, ile ya sekunde moja uisikilize mpaka iishe. Ikikwama, achana nayo. Alafu usiihifadhi kwenye mfuko wake wa ngozi, ngozi inashika unyevu, na kwa hali ya hewa ya huku ziwani kuvu wanaingia kwenye lenzi hata hujashtuka.

Filamu ndo mtihani wenyewe. Nunua nyeusi na nyeupe, inavumilia kukaa kuliko ya rangi, na ukipata roli la mita 30 unajaza mwenyewe mikanda kama 18. Kuiosha, yaani kuitoa picha kwenye filamu, unaweza kwa kahawa, kweli kabisa, na sisi kahawa tunayo: lita moja ya maji, soda ya kufulia gramu 54, vitamini C ya unga gramu 16, kahawa ya unga inayoyeyuka gramu 40, dakika 15 kwa nyuzi 20. Soda ya kufulia ukiikosa kaanga bekingi soda kwenye sufuria kavu mpaka iache kutoa mvuke, ndo uipime. Maji ya bomba Kampala yana joto zaidi ya hapo, mimi nayalaza kwenye mtungi wa udongo. Fiksa, ile dawa ya mwisho ya kuifanya picha isiharibiwe na mwanga, ndo kitu cha kuweka akiba, manake nilijaribu chumvi iliyokolea sana badala yake, nikaiacha toka jioni mpaka jioni ya pili na mkanda bado ulikuwa na ukungu.

Wenye Yashica Mat, kamera ya filamu pana, wananishinda sehemu moja. Negativu yao ni sentimita sita kwa sita, unailaza juu ya karatasi ya picha, unaitoa juani, una picha ya kuangalia bila umeme. Yangu ni milimita 24 kwa 36, picha yake inakuwa ndogo kama stempu. Mjomba nilimuuliza hilo, akachomoa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera, akaigeuza nyuma mbele, akaweka jicho na kuinua ule mkanda wa jajja kuelekea dirishani, alafu akanipa na mimi. Niliona mpaka vifungo viwili vya gomesi begani, na vidole vyake vimeshika mkanda wa kiunoni.