Bafu la kulowa au bafu kavu kwenye kampa ya pikapu: tangi la maji machafu ndilo lililoniamulia

Ndugu yangu, umeeleza kwamba mnaishi Minnesota, kwamba una pikapu ya daraja la robo tatu tani yenye bodi fupi, na kwamba wewe na shemeji mmekwama kati ya kampa mbili, yaani vile vijumba vya safari vinavyopakiwa juu ya bodi ya pikapu. Moja ina bafu la kulowa, ambamo choo, sinki na bomba la mvua vimo katika chumba kimoja kisichopitisha maji. Nyingine ina bafu kavu, ambamo sehemu ya kuogea imetengwa na choo. Shemeji anataka bafu kavu, wewe unasitasita, na binti yenu ana miaka mitatu. Mimi nimezimiliki aina zote mbili, moja baada ya nyingine, kwa misimu saba hapa Colorado, kwa hiyo nitakujibu kwa yaliyonipata.

Kampa ya kwanza niliichagua yenye bafu kavu, na nikisema kweli, kilichonisukuma kilikuwa aibu. Nimekulia Tanga katika nyumba ambayo choo na bafu vilikuwa chumba kimoja cha saruji, chenye pipa la maji, kopo, na kandambili mlangoni, na nilipofika Marekani nilijiona nimeshayahitimu maisha hayo. Muuzaji aliponifungulia mlango wa bafu la kulowa, nikakiona choo cha plastiki chini ya bomba la mvua, nilimwambia mke wangu kwamba hatukuvuka bahari ili tuje kuoga juu ya choo. Maneno hayo yalinigharimu misimu mitatu na fedha nisizopenda kuzitaja.

Gharama ya kwanza ilikuwa uzito. Kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva hutaja uzito wa watu na mizigo ambao gari hilo hasa limeruhusiwa kubeba, na hicho ndicho cha kusomwa, kwa kuwa jina la robo tatu tani ni la zamani na halielezi tena chochote. Changu, nikigeuza paundi, kilisema kilo 1,270. Kampa ilikuwa na kilo 1,320 ikiwa tupu, na muuzaji aliniapia kwamba pikapu kama yangu huzibeba kila siku bila shida. Uzito huo wa kampa tupu haukuhesabu maji, betri ya pili, gesi iliyomo kwenye mitungi, chakula, vyombo, wala sisi wawili. Galoni moja ya Marekani ni karibu lita 3.8, na kila lita ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la galoni 40 likijaa huongeza kilo 150 peke yake. Tulipopanda kwenye mizani ya malori katika kituo kimoja cha mafuta, ekseli ya nyuma ilikuwa imezidi kiwango chake kwa kilo 210, nami nilikuwa nimetoka kuteremka barabara ya I-70 kutoka kwenye handaki la Eisenhower, lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 3,400, huku nikinusa breki zikiungua.

Usinielewe vibaya: ukuta na mlango wa ziada si mzigo mkubwa. Tatizo ni kwamba bafu kavu hudai urefu, na urefu huja na sakafu yake, paa lake, kabati zake na matangi makubwa zaidi, kisha husogeza kitovu cha uzito kuelekea nyuma. Kampa huwa na alama ubavuni inayoonyesha kitovu hicho, na alama hiyo inapaswa kuangukia mbele ya ekseli ya nyuma. Kwenye bodi yangu fupi iliangukia karibu juu ya ekseli yenyewe, na pua ya gari ikawa nyepesi kwenye kila tuta. Kabla hamjabishana kuhusu kuoga, kalitazameni hilo kwanza, kwa sababu huenda ubishi wenyewe ukaishia hapo.

Gharama ya pili ilikuwa nafasi, nayo ilikuja kimyakimya. Chumba cha kuogea ambacho nilikitamani sana kiligeuka kuwa kabati la viatu, makoti na viti vya kukunja, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuviweka, na kila tulipotaka kuoga tulivihamishia kitandani. Baadaye kiungo cha pembeni kilianza kuvujisha maji chini ya sakafu ya mbao, nami sikugundua mpaka ubao ulipobonyea chini ya kisigino changu. Kiungo kikivuja kwenye bafu la aina yoyote matokeo ni hayohayo; lakini kampa yangu ya sasa ina bafu la kulowa lililofinyangwa kwa faibaglasi kama beseni moja kubwa, na mahali pasipo na kiungo hapana pa kuvuja. Ikiwa bafu la kulowa unalolitazama limeundwa kwa mbao za plastiki zilizounganishwa kwa gundi, faida hiyo iondoe kwenye hesabu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Unapokaa mbali na mabomba ya kambi, kinachokurudisha mjini si bafu, wala hata maji safi, ambayo unaweza kuyaongeza kwa madumu. Ni tangi la maji machafu, lile linalopokea maji ya kuogea na ya sinki. Kwenye ardhi za umma zinazosimamiwa na Bureau of Land Management, idara ya ardhi ya serikali ya Marekani, unaruhusiwa kwa kawaida kukaa siku 14 ndani ya kila siku 28, lakini ruhusa hiyo haina maana kama tangi lako limejaa siku ya pili. Katika bafu kavu tulioga kama tuko nyumbani, kiasi cha lita 30 kila mmoja, na tangi la lita 95 lilijaa kabla ya jua kuchwa siku ya pili. Kampa ya sasa ina tangi dogo zaidi, la lita 75, na tunakaa siku tano.

Sababu ni kwamba bafu la kulowa lilinirudisha Tanga. Siku ya kwanza nililitazama, nikacheka, nikaenda kununua ndoo na kopo. Nusu ndoo, yaani lita 10, inamtosha mtu mzima aliyelelewa kuoga hivyo, na ukichanganya maji ya moto ndani ya ndoo hupotezi lita mbili tatu za maji baridi ukisubiri bomba lipate moto. Tunaoga siku moja na kuiruka inayofuata, vyombo tunavipangusa kwa karatasi kabla ya kuviosha, na hesabu inatoka yenyewe. Unaweza kuoga kwa ndoo hata katika bafu kavu, hilo ni kweli, lakini kile kibanda chembamba hakina mahali pa kuiweka ndoo, ilhali kwenye bafu la kulowa unakaa juu ya kifuniko cha choo na ndoo iko mbele ya magoti yako.

Kuna jambo jingine ambalo Wamarekani hawaliandiki kwa sababu haliwahusu, nalo ndilo lililombadilisha mke wangu, ambaye ni mtu wa Mombasa na alikuwa mkali kuliko shemeji. Sisi hujisafisha kwa maji. Katika bafu kavu, sakafu inayozunguka choo si ya kumwagiwa maji: ni ubao uliofunikwa kwa zulia la plastiki, na kila tone linaloponyoka kwenye kopo huingia kwenye kingo zake. Katika bafu la kulowa mpira wa bomba unafika chooni, sakafu yote ina mkondo wa kutolea maji, na miguu unaioshea hapohapo unapotawadha. Ujue tu kwamba maji hayo nayo hujaza. Choo chetu ni cha kaseti, yaani kitangi cha uchafu kinachochomolewa na kubebwa kwa mkono, yenye kama lita 18, ambayo nilitarajia idumu siku tatu, na kwa matumizi yetu inadumu mbili. Tunabeba kaseti ya pili, na tunazimwaga kwenye vituo maalumu vya kumwagia, si kwenye vyoo vya shimo vya kambini.

Kero za bafu la kulowa sitakuficha. Mtu akiamka usiku baada ya mwenzake kuoga, hukanyaga sakafu ya majimaji kwa soksi, na hilo limewahi kutufanya tununiane asubuhi nzima. Karatasi ya chooni hulowa hata ndani ya kasha linalodaiwa kuwa halipitishi maji, hivyo yetu inakaa nje ya mlango. Lazima kuwe na mpira wa kukaushia vioo, kitambaa, na feni ya paa inayovuta hewa kwenda nje, na aliyeoga wa mwisho ndiye anayekausha, bila mjadala. Katika jangwa la Utah chumba hukauka kwa nusu saa. Kwenye pwani ya Oregon mwezi wa Novemba hakikukauka mpaka asubuhi, na taulo zilinuka siku nzima. Isitoshe, bafu letu lina tundu moja tu la kutolea maji, lililo kwenye kona, kwa hiyo pikapu ikiegeshwa ikiwa imeinamia upande wa pili, maji hutuama chini ya choo. Beba vipande vya kusawazishia magurudumu.

Kwa upande mwingine, siku ya mvua chumba hichohicho kinapokea viatu vyenye matope na makoti yanayochuruzika, na kwa binti yenu kinapokea beseni sakafuni, naye atarusha maji apendavyo bila mtu kupata presha.

Ningemuunga mkono shemeji kama mngekuwa watu wanne, au mnataka kuishi ndani ya kampa mwaka mzima, au mnalala mara nyingi kwenye kambi zenye mabomba ya maji na ya kutolea taka, kwa kuwa hapo hoja ya tangi inakufa, na mtu mmoja kuoga huku mwingine akiwa chooni ni raha ya kweli. Baridi ya Minnesota haibadilishi sana uamuzi, kwani wakati wa kuganda aina zote mbili hufungwa na mabomba hujazwa kimiminika cha rangi ya waridi cha kuzuia kuganda. Uliuliza pia kama mnaweza kutegemea mabafu ya njiani. Vituo vikubwa vya malori hutoza fedha kwa kuyatumia, na jirani ya kambi ya Mather, Grand Canyon, yapo ya kulipia, lakini kambi za hifadhi ya Zion hazina kabisa, kwa hiyo msiyahesabu kama mpango.

Mkienda tena kwa muuzaji, kila mmoja aingie katika bafu lile la kulowa peke yake, afunge mlango, akae juu ya choo, kisha asimame na kuinua mikono kama anayejipaka sabuni kichwani. Viwiko vikigonga ukuta pande zote mbili, shemeji ana haki. Bonyeza kwa kidole gumba sakafu inayozunguka choo katika kampa zote mbili. Na kabla hujatoa arbuni, soma ile namba iliyo kwenye mlango wa dereva, uilete hapa pamoja na uzito wa kila kampa, tuipigie hesabu pamoja.